Kilo Saba Zinatosha: Niliyojifunza Tangu Nilipoliacha Sanduku Kubwa

Nilianza kusafiri na begi la mkononi peke yake kwa sababu ya hasira. Mimi na mume wangu tulikuwa tumejinyima muda mrefu ili tupate likizo moja ya ufukweni. Safari yenyewe ilikuwa ya ndege mbili, na muda wa kubadilisha ndege katikati ulikuwa mfinyu. Sisi tuliiwahi ndege ya pili, sanduku letu halikuiwahi. Tulisimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa, abiria wenzetu wameshatoka, kisha tukaelekezwa dirisha moja pembeni tukapewa fomu ya kujaza: sanduku rangi gani, lina magurudumu mangapi, ndani mna nini.

Hilo la mwisho lilinitoa jasho. Nguo za kuogelea nilizikumbuka. Viatu vya kisigino nilivyoweka endapo tungealikwa mahali, navyo nilivikumbuka. Baada ya hapo nikakwama, ilhali mimi ndiye niliyelipanga sanduku lile usiku wa kuamkia safari, tena nikalikalia ili zipu ifunge.

Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa nguo. Dawa za presha za mume wangu zilikuwa humo. Jioni yetu ya kwanza ya likizo iliishia kwenye kutafuta duka la dawa katika mji tusioujua, mtu amechoka, amevaa suruali nzito ya safarini kwenye joto, na cheti cha daktari kiko ndani ya sanduku hilohilo. Kilichotuokoa ni picha ya cheti iliyokuwa kwenye simu yake. Tangu siku hiyo dawa hukaa kwenye mkoba mdogo usiotengana na mwenyewe, zikiwa ndani ya makasha yake yenye jina, na picha ya cheti iko kwenye simu zote mbili. Hata ukiamua kusafiri na sanduku kubwa maisha yako yote, hili lichukue.

Na likikukuta kama lilivyotukuta, usitoke uwanjani kabla hujaandikisha taarifa na kupewa namba yake. Kisha tunza kila risiti ya kile unachonunua kwa sababu ya kukosa mzigo. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaotumika katika safari nyingi za kimataifa, unakupa siku 21 tangu uupokee mzigo uliochelewa kuwasilisha malalamiko kwa maandishi, na siku 7 tu kama umefika umeharibika. Zikipita siku 21 tangu siku uliyotakiwa kufika na bado haujaonekana, una haki ya kuuhesabu kuwa umepotea. Tangu Desemba 28, 2024 kikomo cha fidia ni SDR 1,519 kwa abiria mmoja. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na hubadilishwa kuwa fedha ya kawaida wakati wa kulipwa. Hicho ni kikomo cha juu. Unacholipwa ni kile unachoweza kuthibitisha. Sisi tulirudishiwa sehemu tu ya tulichotumia, maana risiti za mwanzo zilikwenda na takataka za hoteli.

Sanduku lilitufikia likizo ikielekea ukingoni. Nililifungua juu ya kitanda nikaanza kutoa kimoja kimoja, na ukiacha dawa na nguo za kuogelea, hamkuwa na kitu ambacho nilikuwa nimekihitaji. Muda wote ule tulikuwa tumeishi na nguo tulizosafiri nazo pamoja na vipande vichache tulivyonunua, tukifua usiku na kuvaa asubuhi. Ukiangalia picha za likizo ile huwezi kujua kwamba tulikuwa na mashati mawili mawili.

Nikasema basi, sanduku kubwa na mimi tumeachana. Kwa safari iliyofuata nikanunua begi la magurudumu lenye kipimo cha ndani ya ndege, gumu, la kupendeza, nikalijaza mpaka likakaza. Vipimo vya urefu na upana nilivihakiki kwa futi ya kushonea na vilikuwa sawa. Kwenye mlango wa kupandia ndege palikuwa na fremu ya chuma ya kutumbukizia mabegi, na pembeni yake mizani. Begi likaingia kwenye fremu vizuri kabisa. Kwenye mizani likasoma kilo kumi na kitu. Ruhusa ilikuwa 7.

Nataka niseme wazi jinsi hali ile inavyokuwa, kwa sababu wanaotoa ushauri wa kupanga mizigo huiruka. Unapiga magoti sakafuni mbele ya foleni nzima. Nguo zako za ndani ziko juu kwa sababu uliziweka mwisho. Mhudumu hajakukosea, anafanya kazi yake, lakini unatamani kulia. Unavaa sweta mbili juu ya blauzi, unamkabidhi mwenzako viatu, na bado mizani inakataa. Mwishowe tukalipia, na malipo ya pale mlangoni yalizidi mbali kiasi ambacho tungelipa kama tungenunua nafasi ya mzigo tangu siku ya kukata tiketi. Ndege nzima sikusema neno.

Tuliporudi nyumbani nilifanya jambo ambalo sasa namsihi kila mtu alifanye kabla hajanunua begi: nililipima tupu. Lilikuwa na kilo tatu na nusu. Nusu ya ruhusa yangu ilikuwa imeshaliwa na plastiki, magurudumu na mpini wa kuvuta kabla sijaweka hata soksi.

Magurudumu tumeyazoea kiasi kwamba hatuyahesabu. Bernard Sadow alipata hataza ya sanduku la kuvuta huko Marekani mwaka 1972, na hili begi la kusimama wima lenye mpini unaochomoka lilibuniwa na rubani, Robert Plath, mwaka 1987. Ni msaada mkubwa kwa mwenye mgongo mbovu, na kama wewe ndiye huyo usiniache nikushawishi vingine. Ila ujue yana gharama mbili. Yanapimwa pamoja na begi, maana kipimo cha shirika huhesabu magurudumu na vishikio vyote; na vyuma vya mpini hupita ndani ya begi vikila nafasi. Mimi nilihamia begi la mgongoni linalofunguka kama sanduku, lisilofika kilo moja na nusu. Kilo mbili nilizookoa hapo hakuna ufundi wa kukunja nguo ungeweza kunipa.

Masharti ya kila shirika ni yake, na haya usome kabla ya kulipa tiketi. Mwaka 2015 chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kilipendekeza kipimo kimoja cha sentimita 55 kwa 35 kwa 20. Abiria wengi wakapinga kwa kuwa kilikuwa kidogo kuliko walichozoea, na mpango ukasitishwa. Kwa hiyo Emirates na Singapore Airlines hukupa kilo 7 katika daraja la kawaida, Lufthansa kilo 8, na British Airways huruhusu hadi 23 mradi uweze kuliinua begi mwenyewe mpaka kabati la juu. Kwa mashirika mengi ya bei nafuu tiketi ya chini kabisa haina hata haki ya kabati la juu. Unapewa nafasi ya kimfuko kinachoingia chini ya kiti cha mbele. Ukiwa na ndege mbili za mashirika tofauti, shirika lenye masharti makali zaidi ndilo linalokupangia safari nzima. Mimi hupanga kwa kilo 7 hata nikiruhusiwa zaidi, kwa sababu ndiyo ruhusa ninayokutana nayo mara kwa mara, na kwa sababu mgongo ni wangu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulichukue hata ukisahau mengine yote. Watu wengi wakitaka kusafiri na begi dogo huuliza nguo zikunjwe vipi. Swali la kwanza liwe utafua lini. Kukunja kunapunguza nafasi, na kilo hubaki zilezile. Ukishakubali kwamba utafua, likizo ya wiki moja na likizo ya mwezi zinahitaji begi moja, kwa sababu unabeba nguo za siku nne au tano, basi. Mtu asiyetaka kabisa kufua likizoni simlaumu, mapumziko ni yake, lakini huyo anunue nafasi ya mzigo mapema asijitese.

Na kufua kwenyewe si kazi. Usiku kabla ya kuoga ninaziba sinki, naweka maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande ileile ninayoogea, naziloweka nguo za siku hiyo, naingia kuoga. Nikitoka nazifikicha kwapani na kolani, nazisuuza mara mbili. Kinachofuata ndicho kinachofanya zikauke: usizikamue kwa kuzisokota halafu ukazitundika zinachuruzika. Zitandaze juu ya taulo kavu la kuogea, viringisha taulo pamoja na nguo ndani yake kwa kukaza, kisha simama juu ya hilo ringi na utembee kutoka ncha moja hadi nyingine ukilikanyaga kwa uzito wako wote. Taulo linakunywa maji mengi ajabu. Ukiifungua, nguo iko baridi lakini haidondoshi tone. Itundike kwenye hanga penye upepo, mbali na kabati lililofungwa, na kama chumba kina kiyoyozi au feni, iwe upande huo. Taulo nalo litandaze likauke kwa ajili ya asubuhi.

Nguo zisizokauka usiku mmoja ndizo zitakazokuvuruga. Pamba nzito hushika maji, na suruali ya jinzi unaweza kuamka ukaikuta kiunoni bado mbichi. Vitambaa vyembamba vya nailoni au polista hukauka upesi sana, ila hunuka jasho haraka. Pamba ya kondoo wa merino ikiwa nyembamba hukaa siku kadhaa bila kunuka, nayo ni ghali na hutoboka ukiitendea ukatili. Kitani hukauka vizuri na hujikunja vibaya, jambo ambalo ufukweni halimsumbui mtu. Badala ya kusoma lebo, kila nguo ninayofikiria kuibeba naifanyia mtihani nyumbani. Naifua usiku kwa namna niliyoeleza, naitundika ndani, na saa ya kuamka naigusa mishono, mifuko na pindo la kiuno. Ikiwa na unyevu, haisafiri. Mtihani huu uliangusha nguo zangu kadhaa nilizozipenda, ikiwemo gauni moja ambalo nilikuwa nimeshalihesabu kuwa la kwanza kwenye orodha.

Baada ya hapo kuchagua kunakuwa kwepesi. Kila kinachovaliwa juu lazima kiendane na kila kinachovaliwa chini, bila kipande kinachodai mwenzake maalumu. Suruali mbili na sketi moja, pamoja na vya juu vitano, ni mavazi 15 tofauti kwa hesabu rahisi, na hapo hujaongeza mtandio. Mtandio mwepesi na mpana haubaki nyumbani kamwe: ni blanketi ndani ya ndege, ni kitambaa cha kufunika mabega mahali pa ibada, ni mto ukiukunja, ni pazia mwanga ukikuzuia kulala. Kwa baridi sibebi koti nene. Nabeba fulana ya kubana mwili, sweta jembamba na koti jepesi la mvua, navaa vyote vitatu vikihitajika. Hewa inayobaki kati ya nguo na nguo ndiyo inayokupa joto.

Viatu ndivyo vizito kuliko vyote. Jozi ya raba ya kawaida inaweza kukaribia kilo moja, nami nina kilo saba tu. Kwa hiyo jozi nzito kuliko zote naisafiria mguuni, na begini naweka jozi moja tu ya kandambili au viatu bapa, soksi zikiwa zimejazwa ndani yake. Viatu vya tatu nilipambana navyo muda mrefu kuvikubali kuwa havina nafasi. Hatukuwahi kualikwa mahali palipovihitaji.

Kuhusu kukunja, sina mengi. Tisheti, nguo za ndani na suruali nyepesi naziviringisha, mashati yenye kola nayalaza bapa juu. Mifuko midogo ya kupangia nguo yenye zipu inafaa sana, si kwa kubana bali kwa sababu ukitafuta soksi hubomoi begi zima, na ukiambiwa ufungue mizigo mbele za watu unatoa mfuko mmoja, nguo zako zikabaki zimesitirika. Ile mifuko ya kutoa hewa iogope kidogo. Inakudanganya kwa jicho: begi linaonekana lina nafasi, unaongeza, na mizani haijali hewa. Vitu vizito viweke karibu na mgongo wako ikiwa ni begi la kubeba, au chini upande wa magurudumu ikiwa ni la kuvuta.

Vya majimaji ndivyo vilivyonichukulia muda kuvizoea. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walivunja njama ya kulipua ndege za kuvuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji, na kutoka hapo ikaja sheria tunayoijua: kila chupa isizidi mililita 100, zote ziingie kwenye mfuko mmoja angavu wa takriban lita moja. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chupa. Chupa ya mililita 200 iliyobaki na mafuta robo inachukuliwa, na nilishuhudia mama mmoja mbele yangu akiachia losheni ya bei kubwa kwa sababu hiyo hiyo, anaeleza kwamba imebaki kidogo na hasikilizwi. Dawa ya meno, jeli ya nywele na krimu za uso nazo zinahesabiwa humo. Dawa za hospitali na maziwa ya mtoto huwa vinaruhusiwa kuzidi kipimo, lakini uvitoe na kuvitaja mwenyewe kabla hujaulizwa. Siku hizi viwanja kadhaa vina mashine mpya za kuskani na vimelegeza masharti. Usilitegemee hilo: uwanja utakaorudia unaweza kuwa wa zamani, na chupa kubwa uliyoingia nayo ikaishia kwenye pipa siku ya kurudi.

Suluhisho langu limekuwa kupunguza majimaji yenyewe. Sabuni ya kipande, shampuu ya kipande na deodoranti ngumu havihesabiwi kabisa. Sabuni ikiwa mbichi asubuhi ya kuondoka, ifute kwa taulo na uifunge kwenye kitambaa kidogo ndani ya kikopo chenye matundu, isije ikayeyukia nguo. Kile kinachobaki cha majimaji nakitia kwenye vichupa vidogo sana, maana krimu ya uso ya mililita 30 inanitosha likizo nzima. Kabla ya kufunga kifuniko kibonye kichupa kitoe hewa. Ndani ya ndege mgandamizo wa hewa hushuka mpaka kama ule wa mlima wa mita 2,400, hewa iliyofungiwa hutanuka, na ndiyo inayosukuma mafuta nje mpaka kwenye blauzi nyeupe.

Vya umeme vimepata masharti mapya ambayo wengi bado hawajayasikia. Pawabenki na betri zote za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege. Zinapaswa kuwa na wewe. Kikomo bila kuomba idhini ni wati-saa 100, yaani nishati ambayo betri inaweza kuhifadhi. Ikiwa kwenye pawabenki kumeandikwa mAh tu, yaani kiasi cha chaji, zidisha kwa volti za betri, kwa kawaida 3.7, kisha gawanya kwa 1,000. Ya mAh 20,000 inakuja wati-saa 74, uko salama. Maandishi yakifutika mkaguzi anaweza kuikataa, hivyo usisafiri na iliyochubuka. Januari 2025 ndege iliungua ikiwa bado chini uwanjani Busan, Korea Kusini, na kuanzia Machi mwaka huo nchi hiyo ikazuia pawabenki kuwekwa kwenye kabati la juu. Emirates nayo tangu Oktoba 1, 2025 hairuhusu kuitumia ndani ya ndege. Iweke mfukoni au kwenye kimfuko cha kiti mahali unapoiona, vichwa vyake vimefunikwa. Chaja moja yenye matundu mawili au matatu inatosha watu wawili, na kompyuta mpakato, kama si ya kazi usiyoweza kuiacha, iache. Hiyo ndiyo likizo.

Mume wangu yeye alikuwa na lake la vitabu. Hataki kusomea kwenye simu, na kwa kilo saba kitabu kinene ni nguo mbili. Tulibishana, tena si kwa upole. Hatimaye tulikubaliana kila mtu awe na nafasi ya kitu kimoja kisicho na sababu nyingine isipokuwa anakipenda, kisizidi nusu kilo, na mwenzake asiulize. Yeye hubeba kitabu. Mimi hubeba kikapu kidogo cha kufumia na uzi, na sindano za mbao ambazo ukaguzi haujawahi kunizuia nazo, ingawa nikiwa na shaka huuliza uwanja mapema. Tangu tuweke makubaliano hayo tunapanga mizigo bila kununiana. Nawashauri wanaosafiri wawili wayafikirie, kwa sababu begi dogo linaweza kugeuka chombo cha kuhukumiana.

Usiku wa kuamkia safari sasa ni wa kupima tu, hakuna tena kupanga. Kupanga hufanyika mapema, vitu vyote vikiwa vimetandazwa kitandani, na kila kimoja kinaulizwa kitatumika siku ipi. Kisichotajiwa siku kinarudi kabatini. Kama huna mizani ya kuning'iniza begi, panda kwenye mizani ya kawaida ukiwa umelibeba, kisha panda bila begi, utoe. Mimi huondoka na kilo sita na ushee, nikiacha nafasi ya kurudi na chochote, na kwa kuwa nguo zinazorudi chafu na zenye unyevunyevu huongeza uzito. Vitu vidogo vizito, kama chaja, viko kwenye mifuko ya koti nililovaa. Mashirika mengi hayapimi nguo ulizovaa.

Siku ya kurudi nyumbani, kabla ya kufua, natoa vitu na kuvitenga vilivyotumika na visivyotumika. Visivyotumika naviandika kwenye simu. Mwavuli uliandikwa mara kadhaa mfululizo mpaka nikauacha. Dawa ya kuzuia kuharisha na plasta navyo huandikwa kila safari, na hivyo siviachi.

Safari nyingine hazifai begi la mkononi, na nisingependa mtu ajilazimishe. Ukiwa na mtoto mchanga, ukienda kwenye theluji, ukibeba vifaa vya kuzamia au zawadi za ukoo mzima, lipia mzigo wako na uende kwa amani. Kwa likizo ya kawaida ya watu wazima wenye afya, begi dogo limetupunguzia foleni mbili, ya kukabidhi mizigo na ya kuisubiri, na limenitoa kwenye wasiwasi wa kuangalia ule mkanda ukizunguka mtupu.

Lipo jambo moja tu bado linaweza kukukuta ukiwa umetimiza kila sharti: ndege imejaa, makabati ya juu yamejaa, na mhudumu anakuomba mlangoni begi lako lishushwe chini. Mara nyingi hawatozi kwa hilo, lakini hawakupi dakika ya kufikiri. Ndiyo maana juu kabisa ya vyote begini pana mfuko mdogo wa kitambaa wenye mkanda wa begani, na ndani yake mna dawa, pawabenki, pasipoti, miwani, funguo za nyumba, nguo za ndani za kubadilisha na mswaki. Nikiambiwa nishushe begi, nauchomoa mfuko huo, nauvaa, nawakabidhi lililobaki na kuchukua kipande chake cha namba.